Nguchiro na Asali ya Bwana Ngiri

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi wanyama walipokuwa na vikao vingi kuliko kazi, alikuwapo Nguchiro mmoja, binti mdogo wa miguu mifupi na macho yasiyopitwa na kitu. Alikuwa amesoma. Misimu sita alikaa kwa Korongo akijifunza mambo ya maji na wadudu wa majini na nchi kavu. Akarudi kwao na digrii yake, akaomba kazi ya Mwangalizi wa Chemchemi.

Mara ya kwanza komiti ilimwambia hana uzoefu. Mara ya pili, sauti yake nyembamba. Mara ya tatu Mzee Nyati, mwenyekiti, alimtazama kuanzia kucha hadi masikio, akauliza, "Na ukiolewa je? Tuanze kutafuta mwingine?"

"Bwana Ngiri ana wake wawili na yumo kwenye komiti," alisema Nguchiro. "Yeye mlimuuliza?"

"Mdomo huo ndio utakaokukosesha mume."

Khalas, intavyuu ikaishia hapo. Kazi ikabaki bila mtu.

Kiangazi kilipokaza, kundi la nyuki likahamia kwenye mdomo wa chemchemi. Kila aliyeinamisha pua kunywa alirudi amevimba. Siku ileile Nguchiro alikwenda na majani yake ya kufukizia, Kiboko akamziba njia. Hakuna anayegusa chemchemi bila idhini ya baraza, alimwambia, na baraza ni siku ya nne.

Siku ya nne, alfajiri, mtoto mmoja wa Mama Swala alilala chini kwa kiu asiamke tena.

Baraza likaketi. "Binti," alisema Nyati, "kabla ya ajenda, hebu tupangusie viti, kisha utugawie karanga."

"Pangusa tu, mwanangu," Mama Kanga alimnong'oneza kutoka nyuma. "Mimi napangusa mwaka wa ishirini huu. Ndivyo walivyo."

Akapangusa. Akagawa. Kisha akasimama. "Wazee, nyuki huondoka kwa moshi wa mavi makavu na majani mabichi, ukipulizwa taratibu kutoka unakotoka upepo."

Tembo alijikuna sikio. Kiboko aliomba karanga nyingine.

Bwana Ngiri akakohoa, koh, koh. "Wenzangu, mimi nilikuwa nawaza hapa. Je, tukitumia moshi? Wa majani mabichi?"

"Aa," alisema Nyati, "hicho ndicho kichwa cha kiume." Makofi, pa pa pa. Na Kasuku, mtunza kumbukumbu wa baraza, akalitia kichwani: wazo la moshi, la Bwana Ngiri.

Mwaka juzi Nguchiro alipendekeza zamu za kunywa maji. Leo zinaitwa Zamu za Ngiri. Na desturi ya baraza anaijua: mwenye wazo hutangulia mwenyewe kulitenda, na likifaulu, kazi ni yake. Aliwatazama wazee wakitafuna. Akamtazama Mama Swala, aliyekuwa bado anamlamba mtoto aliyekwisha kupoa.

Akasema kwa sauti ileile nyembamba, "Na anayetangulia ajipake asali kichwa kizima, nyuki wamwone ndugu yao."

Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Aliyezoea kuokota maneno ya wengine hana tabia ya kuyakagua.

Koh, koh. "Tena nimekumbuka jambo," alisema Ngiri. "Anayetangulia ajipake asali, nyuki wamwone ndugu."

Pa pa pa.

Wakamsindikiza chemchemini saa hiyohiyo, wakibebewa viti vyao, kichwa chake kikimeremeta asali. Alikuwa hajawasha hata moto. Nyuki wakanusa asali, na nyuki humjua mwizi kwa harufu hiyo. Vuuuu! Ngiri alipita katikati ya wazee, akaangusha viti viwili, akajitosa topeni, chubwi. Alipotoa kichwa, macho yalikuwa yamezama kama mbegu ndani ya boga.

"Ni huyu binti," alilia. "Yeye ndiye aliyesema asali."

"Umemdanganya mzee wa komiti," alifoka Nyati.

"Mimi?" alisema Nguchiro. "Kasuku, kumbukumbu zinasemaje?"

"Wazo la moshi, la Bwana Ngiri. Wazo la asali, la Bwana Ngiri. Makofi."

"Basi, mzee. Kama asali ni yangu, mlinisikia. Na kama masikio yalikuwapo kwenye asali, yalikuwapo kwenye moshi. Chagua moja. Watoto wana kiu."

Nyuma kabisa, penye vumbi, mtu akasimama. Alikuwa Mama Kanga, kitambaa cha kupangusia kikiwa bado mkononi.

"Mimi nilimsikia," alisema. "Moshi nilisikia. Asali nilisikia. Na zamu za kunywa nilisikia, nikanyamaza. Hata hili la kuhamisha viota mlimani, mnaloliita la Nyati, lilikuwa langu."

"Nilisikia," alisema Mama Swala, bila kuinua kichwa.

"Nilisikia," alisema Pundamilia jike. Na Twiga jike. Sauti zikaja moja moja, nyingine hafifu mno, hadi Kiboko mwenyewe akaitazama ardhi na kuondoka njiani.

Nguchiro akawasha mavi na majani, akasimama upande wa upepo, akapuliza. Fuu. Fuu. Hakuwa na haraka. Nyuki wakainuka kama shuka moja jeusi, wakaenda zao.

"Haya, kazi chukua," alisema Nyati. "Kwa majaribio."

"Kumbukumbu kwanza," alisema Nguchiro.

Kasuku akasahihisha. "Wazo la moshi, la Nguchiro."

Watoto wa Mama Swala wakanywa, mmoja pungufu. Hakuna aliyepiga makofi.

Baraza lililofuata, Nyati alikuta kiti chake kina vumbi. Alimtazama Nguchiro. Alimtazama Mama Kanga. Alisubiri sana. Kisha akageuka, akakipangusa kwa mkia wake mwenyewe.

Nanyi, watoto, hadithi hii inawaachia neno moja: ukimsikia mwenzako anasema na wakubwa wanajifanya viziwi, sema umesikia siku hiyohiyo, usingoje miaka ishirini.