Karata Ambazo Nasimiyu Hakuzitazama

Niambieni nyinyi mliokaa hapo: mtu akibakiwa na pumzi moja, ataipuliza wapi?

Hapo zamani, na si zamani sana, mwaka juzi tu, hoteli moja kubwa ya Naivasha, yenye nyota tano na haya sifuri, ilitangaza kazi. Wahitimu elfu tatu wakatuma barua. Elfu tatu! Wenye hoteli wakaona uvivu kuzisoma. Wakasema, waacheni wacheze poker, karata za kamari, anayejua kuamua akiwa amebanwa ndiye tunayemtaka. Tena waje timu za watu watatu, mmoja acheze, wawili watazame, ndiyo tuone teamwork. Timu mbili za mwisho kubaki mezani zitaajiriwa.

Msishangae bado. Wekeni akiba.

Wakaenda watatu wa chama kimoja cha wahitimu wasio na kazi, chama chenye katiba, muhuri na daftari la kumbukumbu za mikutano, kila kitu isipokuwa mshahara. Akaenda Kithinji, msomi wa takwimu, aliyejifunza poker kwenye simu, akawafunza wenzake na kuwaandikia karatasi ya lini usukume vyote na lini utupe karata. Akaenda Saumu wa saikolojia, mtoto wa Malindi, anayesoma watu kama gazeti. Akaenda Nasimiyu wa sheria, mwenye uso usiosema kitu, na huyo ndiye aliyekalishwa mezani.

Katiba ya chama aliiandika Nasimiyu mwenyewe. Kifungu cha saba kilisema: uamuzi mkubwa hupigiwa kura, kura haifutwi ila kwa kura, na atakayeenda kinyume fungu lake katika tutakachopata limepotea.

Mchana wa siku ya pili wakabaki wachezaji watatu. Pale, kila mzunguko, mchezaji anatoa vipande vya kamari vya lazima, acheze asicheze, na vikimwishia ametoka. Tanui alikuwa na mlima wa vipande. Nasimiyu alikuwa na vya mizunguko mitano. Ouko wa miwani alikuwa na vya miwili. Mmoja wao akitoka, wawili wanaobaki wameshinda.

Ikaitwa break ya mwisho. Watatu wakakutana kwenye korido ya vyoo.

"Tusukume," akasema Kithinji. "Mizunguko mitano ni maji shingoni. Ukipata jozi yoyote, all-in, sukuma vyote. Karatasi yangu haidanganyi."

"Karatasi yako haina macho," akasema Saumu. "Ouko yu hoi kuliko sisi. Mwacheni afe yeye kwanza. Nasimiyu, hata ukipata kingi mbili, tupa."

"Kingi mbili? Saumu, uko sawa kweli?"

"Niko sawa. Wewe ndiye unakimbilia kaburi lenye mwenyewe."

Wakapiga kura. Nasimiyu akaenda na Saumu, mbili kwa moja. Saumu akaandika daftarini, wakaliegemeza ukutani pale na kutia sahihi, kama baraza la mawaziri.

Wakarudi. Nasimiyu akainua pembe ya karata ya kwanza: kingi. Akainua ya pili: kingi. Lakini kura ni kura. Akazitupa kifudifudi.

Ouko akasukuma vyote. Tanui akamfuata, akafunua ree mbili. Ree mbili, zinazozidi kingi! Nasimiyu angesukuma kingi zake, saa hii angekuwa getini akitafuta gari la kurudi kwao. Ila Ouko alikuwa na nane mbili, na katikati ya meza, kwenye karata za wote, ikadondoka nane ya tatu.

"Woi! Maiti imeomba chai!" mtu akapiga kelele.

Basi kura ilikuwa ya kumsubiri Ouko afe, na Ouko sasa alikuwa anashiba. Alisukuma tena, hakuna aliyemfuata, akakusanya. Nasimiyu akatupa, akalipa. Akatupa, akalipa. Mitano ikawa minne, minne ikawa mitatu, ikawa miwili, ikawa mmoja. Break hakuna tena. Mtazamaji akisema neno, hata akitikisa kichwa, timu iko nje. Nasimiyu akatazama jukwaani kwa watazamaji. Saumu amelikumbatia daftari. Kithinji ameitia karatasi mdomoni, anaitafuna.

Hapo akakumbuka mstari wa mwisho wa karatasi ile, kwa maandishi madogo: *Ukibaki na mzunguko mmoja, hakuna karata mbaya. Kuna kuchelewa tu.*

Karata mbili zikateleza mbele yake. Hakuzigusa. Akasukuma vipande vyote.

"All-in."

"Hajatazama! Jamani, huyu hajatazama!"

"Madam," mgawa karata akamnong'oneza, "hujaangalia."

"Najua."

Ouko akatupa zake. Tanui akamfuata, akafunua ree na kwini. Mgawa karata akafunua za Nasimiyu: saba ya uru na mbili ya pau, takataka kuliko takataka zote. Ukumbi ukacheka hadi ukakohoa. Karata tatu zikawekwa katikati: hakuna kitu. Ya nne: hakuna kitu. Ya tano ikawa mbili. Jozi ya mbili, jozi ya kimaskini, lakini Tanui hakuwa hata na hiyo. Kicheko kikakatika kama umeme.

Vipande vikazidi maradufu. Nasimiyu akarudi kwenye kusubiri, akatupa, akatupa tena. Ouko, aliyekwisha kulewa bahati, akasukuma vyote mara moja zaidi. Tanui akamfuata, akamvua vyote. Ouko akavua miwani, akatoka.

Wameshinda! Wakakumbatiana, wakalia. Akaja Madam wa HR, ofisi ya ajira, na fomu.

"Congratulations, wapendwa. Nipeni jina moja."

"Jina moja la nini?"

"La kazi. Kila timu ina nafasi moja. Mngesoma fine print, yale maandishi madogo."

Nasimiyu alilisoma tangazo lile mara tatu, kwa jicho la mwanasheria. Fine print haikuwepo.

"Mna dakika kumi," akasema Madam.

Kithinji akasema, "Mstari uliotuokoa niliuandika mimi."

"Na karatasi hiyo hiyo ingetuua kwa kingi mbili," akasema Saumu. "Kusubiri kwangu ndiko kulikotufikisha."

"Kulitufikisha wapi? Mzunguko mmoja!"

"Mkono uliosukuma ni huu," akasema Nasimiyu. "Nyinyi mlikuwa mmekaa."

"Ulisukuma kinyume na kura, dadangu," Saumu akamjibu polepole, daftari wazi. "Kifungu cha saba. Mwandiko wa nani huu?"

Nasimiyu akautazama mwandiko wake. Fomu ilikuwa mezani, na kalamu moja.

Haya, semeni nyinyi. Aliyeandika mstari, aliyezuia kingi, au aliyesukuma bila kutazama na kuvunja sheria yake mwenyewe? Nani alistahili kuishika ile kalamu?

Na nyinyi wenye hoteli, mlioita watu watatu mkijua mna kiti kimoja, msijifiche nyuma ya Madam. Tokeni mje mezani. Leteni mikataba mitatu, leo, kabla ya dakika kumi kwisha.