Chini ya Landrova ya Mwinyijuma

Kitu kikiangukia mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa. Hakitoki kwa kutishwa, wala hakijali kama aliyekipoteza ni tajiri au maskini. Anayekitaka hupiga magoti, akainamisha kichwa, akanyoosha mkono gizani, na akiinuka huwa na vumbi usoni. Wahenga waliliona jambo hilo dogo la chumbani wakalifanya somo la maisha: mwenye kutaka jambo la maana akubali kwanza kujishusha na kutaabika. Huko Chumbageni, jijini Tanga, yupo mwanamke aitwaye Mastura ambaye ni shahidi wa maneno hayo.

Mumewe, Mwinyijuma, alikuwa na Landrova kuukuu, ndefu, yenye rangi ya majani makavu na mabenchi mawili nyuma. Ilimzidi Mastura umri. Kazi yake ilikuwa njia ya Mkwajuni, kijiji cha pwani ambacho hufikiwa kwa kuiacha barabara ya Horohoro na kushika njia ya udongo, kupita mikokoni na kuvuka mkono wa bahari unaojaa na kupwa. Huko wanawake hulima mwani. Mwinyijuma aliwapelekea unga, sukari na wagonjwa waliokwisha kupona, akarudi na magunia ya mwani mkavu na wagonjwa wapya. Magari mengine yaliijaribu njia ile yakarudi yakivutwa kwa kamba. Landrova ya Mwinyijuma ilipita kiangazi, ikapita masika, hata watu wakasema ina jini.

Haikuwa na jini. Ilikuwa na Mwinyijuma. Alilibadilisha gari lile kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayejenga nyumba kwa tofali mojamoja. Bomba la kuvutia hewa ya injini alilipandisha mpaka usawa wa paa, injini isije ikanywa maji. Springi za nyuma aliziongezea majani ya chuma aliyoyatoa kwenye lori bovu. Difu zote mbili, yale matumbo ya gia kati ya magurudumu, alizifungia mipira myembamba iliyopanda hadi juu, zipate kupumua hata zikizama. Na kila aliporudi kutoka pwani, kabla hajanywa chai, alijilaza chini ya gari na maji ya bomba akaiosha chumvi yote, kisha akapaka vyuma oili chafu kwa brashi. Mastura akimwita, sauti ilimjibu kutoka chini: "Naja, mke wangu. Huyu naye ametoka kazini."

Safari yake ya mwisho alirudi na homa. Siku ile hakuosha gari. Siku ya tatu akafariki dunia.

Mastura akakaa eda. Miezi minne na siku kumi yeye alikuwa ndani na Landrova ilikuwa nje chini ya mwarobaini, wote wawili wakimngoja mtu yuleyule asiyerudi.

Marehemu aliacha mdogo wake, Hatibu, aliyerithi gari pamoja na Mastura, muuza simu mwenye ulimi wa asali. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda kaka yake, na alitaka kumpa heshima kwa njia aliyoijua. Eda ilipokaribia kwisha alisimama nje ya dirisha la Mastura akasema, "Shemeji, niachie mimi hiyo Landrova. Ukitoka eda utaikuta bibi harusi."

Kweli ikawa bibi harusi. Ilipakwa rangi nyekundu ya kung'aa juu na chini. Ikavishwa matairi mapana yenye meno kama ya trekta, ikainuliwa juu, ikawekewa taa sita kwenye paa. Siku Hatibu alipoileta akipiga honi, mtaa mzima ulitoka. Mastura, ambaye eda yake ilikuwa imekwisha juzi yake, alisimama mlangoni akaitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake aliyerudi na sura ngeni.

Kesho yake Hatibu aliondoka nayo kwenda Mkwajuni. Hata kwenye maji hakufika. Katika bonde la kwanza baada ya kuiacha lami, chuma kililia kama kuti kavu linalokatika, na Landrova ikakaa kwa matako kama ngamia. Ilirudi Chumbageni mgongoni mwa lori.

Aliitwa Kristofa, fundi mzee wa Kibondei kutoka Muheza, aliyekuwa rafiki wa marehemu. Kristofa aliinama kwa shida, akachukua nyundo ndogo, akagonga chesisi, yaani ule uti wa mgongo unaobeba gari zima. Nyundo ikazama.

"Hiki si chuma tena," alisema. "Ni mkate wa kumimina uliopakwa rangi."

"Haiwezekani," Hatibu alisema. "Mafundi wangu wamefanya kila kitu."

"Wamefanya wakiwa wamesimama. Chesisi ina matundu kwa chini ya kutolea maji. Nani kayaziba?"

Hatibu akajikohoza. "Mimi ndiye niliyewaambia. Si wasema wenyewe wazee, usipoziba ufa utajenga ukuta? Nilitaka maji ya chumvi yasiingie."

"Maji huingia yatakavyo, bwana. Wewe umeyanyima mlango wa kutokea. Kutu ilikuwa inalinyemelea gari hili siku nyingi, na kaka yako alikuwa akiifukuza kila siku. Chumvi ya safari yake ya mwisho ilibaki humu, nanyi mkaifungia ndani vizuri."

Aibu ikampanda Hatibu, na aibu kwa watu wengine huwa hasira. Akasema basi, imetosha. Mwisho wa mwezi atawaita wanunuzi wa chuma chakavu waje waikatekate, kila mtu apumzike.

Mastura alihisi kama anaambiwa azike mara ya pili. Lakini hakulia. Alisema, "Nipe mpaka huo mwisho wa mwezi. Ikienda Mkwajuni na kurudi na mzigo, haiuzwi. Isipofika, waite wenye nyundo zao."

"Na dereva atakuwa nani?"

"Mimi. Leseni ninayo, na kaka yako ndiye aliyenifundisha, kwenye njia hiyohiyo."

Hatibu akacheka. "Shemeji, kuendesha Landrova si kusonga ugali."

"Kweli kabisa. Na wewe mawili hayo hujui hata moja."

Kristofa alicheka mpaka akashika kiuno. Hatibu naye, apende asipende, akatabasamu. "Haya, shemeji. Mwisho wa mwezi."

Asubuhi iliyofuata Mastura alikwenda gereji kwa Kristofa. "Shikamoo, fundi. Nataka unitengenezee gari."

"Marahaba, mwanangu. Mchomeleaji mzuri nitakupatia. Lakini mgongo wangu umekataa kulala chini, na gari lile halijulikani kwa kutazamwa. Mwenyewe alilijua kwa vidole. Ukilitaka, ulale chini yake kama alivyolala."

"Mimi ni mwanamke, fundi."

"Landrova haijauliza."

Mastura alirudi nyumbani, akavaa ovaroli ya mumewe, akakunja mikono yake mara tatu, akakaza ushungi, akatandika gunia. Jirani yake Najat, aliyekuwa akipita na kikapu cha mboga, akasimama akashika mdomo.

"Mastura, mwenzangu! Wenzio wakitoka eda hujifukiza udi, wewe wajifukiza grisi?"

"Ndivyo, shoga. Atakayenitaka atanifuata kwa harufu."

Akateleza chini. Mwanzo hakuona kitu ila weusi. Udongo ulimwangukia machoni, kutu ikamjaa mdomoni, na kila alipoinua kichwa alijigonga. Kristofa aliketi kwenye kigoda kando ya gurudumu akimwelekeza: shika hapa, kwangua pale, fuata bomba mpaka linapoishia. Siku ya kwanza alitoka na mikono iliyochubuka. Siku ya pili alijua difu ni ipi na boksi la gia ni lipi. Siku ya tatu, alipokuwa akikwangua rangi nyekundu ya Hatibu, aliona chini yake doa jeupe, dogo kama ukucha wa mtoto. Akasogea, akakwangua, akaona jingine. Kila palipokuwa na kitundu cha kutilia grisi, pembeni yake palikuwa na doa. Aliyahesabu. Yalikuwa kumi na matatu.

"Fundi, haya madoa meupe ni ya nini?"

"Macho ya mumeo yalianza kupungua miaka mitatu iliyopita," Kristofa alisema. "Alipaka rangi nyeupe asije akakiruka kitundu hata kimoja. Alinikataza nisikwambie, usije ukamzuia safari. Alisema, nikiacha kwenda, wale wanawake wa mwani watamtegemea nani?"

Mastura alibaki amelala pale chini. Machozi ya mtu aliyelala chali huingia masikioni, na ndivyo yalivyomwingia. Alikumbuka chai zote ambazo mumewe aliziacha zikapoa mezani, na jinsi alivyonung'unika. Kristofa alinyoosha miguu yake, akaangalia barabara, asimwite. Baada ya muda mkono mweusi wa grisi ulitoka chini ya gari. "Nipe brashi ya waya," sauti ilisema.

Tangu siku hiyo hakuhitaji tena kuhimizwa. Mchomeleaji alikata chuma kilichooza akaweka bamba jipya, nene, na Mastura alilala pembeni akiangalia kila mshono. Matundu ya chesisi aliyazibua mwenyewe kwa waya. Matairi mapana aliyatoa akarudisha yale membamba ya zamani, kwa kuwa Kristofa alimweleza kwamba tairi jembamba hulikata tope likafika kwenye udongo mgumu, ilhali pana huelea juu yake likizunguka bure. Taa sita aliziacha. "Taa hazina kosa," alisema, na Hatibu aliposikia akafurahi kidogo.

Zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe, simu ililia. Ni Mwanaima, dada yake marehemu, aishiye Mkwajuni.

"Wifi, mvua hii itatumaliza! Mwani umekauka vizuri, lakini banda linavuja. Magari yote yamekataa njia. Kesho kutwa hapa patakuwa na ukungu mtupu, na jasho letu la miezi yote limekwenda."

"Nakuja kesho maji yakipwa."

"Na nani?"

"Na Landrova."

Asubuhi Hatibu alipanda kando yake, akisema anakwenda kushuhudia tu. Walipofika kwenye mkono wa bahari, maji yalikuwa yamepwa lakini mvua iliyachafua yakawa kama chai ya maziwa. Hatibu akashika dashibodi. "Kanyaga, shemeji! Kanyaga upite!"

Mastura alizima injini. Akashuka, akapiga magoti kwenye tope, akachungulia chini na kupapasa lile bamba jipya. Akapandisha ovaroli, akaingia majini na fimbo, akapima kina hatua kwa hatua mpaka ng'ambo, akarudi. Ndipo akaingiza gia ndogo ya kuvuta magurudumu yote manne na kuishusha Landrova majini taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto. Maji yalifika milangoni. Injini haikukohoa hata mara moja. Ilipopanda ng'ambo ikichuruzika maji, vigelegele vya wanawake wa Mkwajuni vilisikika kabla ya kijiji chenyewe kuonekana.

Walipakia magunia mpaka springi zikalala. Maji waliyavuka salama. Lakini mbele lilikuwepo lile bonde alilokwama Hatibu, na sasa lilikuwa limechimbika zaidi. Gurudumu la nyuma lilitumbukia kwa kishindo. Hatibu alifumba macho akaanza kusoma dua. Chuma kililalama, mzigo ukayumba, kwa kitambo gari likasimama kama linalofikiri. Mastura hakukanyaga kwa pupa. Alingoja tairi lishike udongo mgumu, akaongeza mafuta kidogo, akaongeza tena. Landrova ikanyanyuka, ikatoka, ikaishika lami.

Hatibu alifumbua macho. Walipokwisha kushusha magunia yote Chumbageni, yakiwa makavu kama yalivyopakiwa, alitoa simu akawapigia wale wanunuzi. "Msije," alisema. "Hapa hakuna chuma chakavu. Kuna gari." Kisha akamgeukia Mastura akanyoosha kiganja. "Shemeji, safari ijayo naomba niendeshe mimi. Nipe funguo."

"Funguo utapata. Kwanza ingia chini uniambie kama mshono umeshika."

Hatibu aliitazama suruali yake, akalitazama tope, akamtazama shemeji yake aliyekuwa mweusi wa grisi mpaka kwenye nyusi. Akapiga goti moja, akapiga la pili. Kisha akalala chali, akajivuta taratibu mpaka zikabaki nyayo tu.

"Umeshika!" sauti ilitoka chini, yenye mshangao. "Shemeji, wallahi, umeshika! Lakini hebu njoo, hapa pana bolti inacheza. Hii nayo ikazwe?"

Mastura alichukua spana, akainama, akampa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.