Seti ya Bi Zeyana

Haya jamani, sogeeni, na mwenye usingizi akalale. Kisa hiki hakibembelezi mtu.

Huko Pate aliishi Bi Zeyana na binti zake watatu. Shufaa alijaliwa sikio: mchwa akitafuna boriti, yeye humsikia. Batuli alijaliwa nguvu, gunia la mchele kwake si kitu. Somoe, kitinda mimba, alijaliwa mikono myepesi, na ni yeye tu aliyeruhusiwa kupangusa vyombo vya zidakani, vile vishubaka vya ukutani.

Na vyombo gani! Seti ya kauri ya Kiingereza: buli la chai, mdele wa kahawa, vikombe na visahani, vyote vina chapa nyeusi ya bibi na bwana wakinywa chai bustanini. Katika ukoo ule binti haozwi bila seti kamili, na seti ni hiyo moja.

"Atakayeistahili ataolewa," Bi Zeyana akiwaambia. "Wawili watabaki kunikanda miguu mpaka nife. Na sifi karibuni!"

Somoe alikuwa amechoka na miguu ile. Alikuwa na mchumba, tena akimpenda.

Asubuhi moja Shufaa akapiga ukelele, "Tokeni! Dari inashuka!" Mama akatoka mbio. Waliopona siku ile walipona kwa sikio hilo.

Batuli hakutoka. Aliweka bega chini ya boriti akaishikilia.

Somoe akavitoa vyombo viwili viwili, pasi na ufa hata mmoja. Ukabaki mdele.

"Mdogo wangu, basi," Batuli akasema. "Nivute nitoke."

"Mdele kwanza!" mama akafoka toka uani.

Somoe akamtazama dada yake. Akauchukua mdele.

Dari ikaanguka. Batuli alifukuliwa hai, lakini kutembea ndiyo basi tena. Bi Zeyana alikagua vikombe vyote, ndipo akauliza, "Na yule mwingine?"

Siku ya saba akawaita.

"Bila sikio langu mngezikwa," akasema Shufaa.

"Bila bega langu msingeokoa hata kisahani," akasema Batuli kitandani.

Somoe aliona aibu, wallahi aliona. Lakini alimtaka mchumba wake. "Bila mikono yangu, mama, tungegombania vigae."

Bi Zeyana akacheka, akashika nyundo. "Amueni wenyewe, sasa hivi. Mkishindwa navunja vyote, mnabaki kwangu watatu."

Haya, nyinyi mahodari wa kuhukumu, nyundo imeshainuliwa. Seti mngempa nani?