Kokwa Zilizomwagiwa Mafuta ya Taa

Ndugu zangu, leo nina hasira, na sitaificha.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mfugaji wa kuku wa nyama. Chakula cha kuku kikapanda bei mpaka kikamshinda. Jirani yake palikuwa na kiwanda kidogo cha juisi, na nyuma ya kiwanda lundo la kokwa za embe, nzi watupu. Mama akaanza kuokota. Akazipasua, akatoa viini, akasaga, akachanganya na pumba na dagaa. Mara ya kwanza kuku walidumaa, maana viini vilikuwa vibichi. Hakukata tamaa. Akaviloweka, akavichemsha, akamwaga maji yale machungu, akavianika ndipo akasaga. Safari hii kuku wakanenepa, na wanawe watatu wakarudi shule!

Siku ya mavuno akaleta kuku wawili kanisani. Mwenye kiwanda, naye mzee wa kanisa, akawapima mkononi.

"Mama, unawalisha nini hawa?"

"Kokwa zako, baba. Zile mnazotupa. Mungu akubariki."

Mnadhani alifurahi? Kesho yake alizungushia lundo lile seng'enge, kisha akazimwagia kokwa mafuta ya taa.

Mama akaja na gunia lake tupu. "Baba, nimekukosea nini? Kama unazitaka, tugawane."

"Sizitaki. Lakini ni zangu."

Je, alikuwa na kuku? Hata kifaranga! Kokwa zikaoza palepale, na kuku wa yule mama wakafa njaa bandani, wiki moja kabla ya kuuzwa.

Naona mnatikisa vichwa. Mnasema, mtu gani huyo! Acheni. Mnaijua stoo iliyo nyuma ya madhabahu hii? Mle mna mahindi mliyoyatoa sadaka mwaka jana, yamebunguliwa. Mna mablanketi, panya wamezalia humo. Na Jumanne mama mmoja, yumo humu ndani na simtaji, alipiga hodi kwangu akiomba debe moja la mahindi kwa ajili ya wanawe. Mnajua nilimjibu nini? "Ni mali ya kanisa, mama. Subiri kamati ikae."

Wenye kiwanda ni sisi, ndugu zangu, na wa kwanza ni mimi mchungaji wenu. Ufunguo huu hapa. Leo sisemi amina mpaka mlango ule ufunguliwe. Haya, nani ananisaidia kubeba magunia?