Mtungo Mmoja kwa Kila Mdomo

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na maji!
— Yakajaa!
Palikuwa na samaki!
— Wakajazana!
Palikuwa na walafi!
— Wako wapi?
Tulieni, nitawaonyesha mmoja mmoja.

Hapo zamani za kale palikuwa na hori la bahari lenye samaki wengi. Changu, tasi, pono, chewa, wote walikuwamo. Ukitia mguu majini, samaki ndio waliokukanyaga wewe.

Katika hori hilo walivua watatu.

Wa kwanza ni Nguchiro. Yeye alivua kwa kujifurahisha tu, maana chakula chake kilikuwa nchi kavu. Alikuwa na ufito, ndoana, na maneno mengi.

Wa pili ni Kiboko. Yeye aliwapakia wageni wa bara mgongoni, akawapeleka mwambani wakavue, nao wakamlipa viazi vitamu.

Wa tatu ni Mwari, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo. Uvuvi ndio uliokuwa kazi yake. Soko zima la wanyama lilimngojea yeye. Na kiotani alikuwa na makinda watatu, wasiojua neno jingine ila "Mama, njaa!"

Mlinzi wa hori alikuwa Mzee Kasa. Zamani aliwahesabu samaki pamoja na mkewe. Mke upande wa mashariki, mume upande wa magharibi. Mkewe alipofariki, alihesabu peke yake. Alimaliza upande wake, akapumzika kidogo, kisha akaenda upande wa mkewe.

Siku moja alipanda mchangani, akawaita wavuvi.

"Nimehesabu," alisema. "Samaki wanapungua. Mkiendelea hivi, mwakani mtavua mawe. Kuanzia kesho, kila mdomo mtungo mmoja kwa siku. Basi."

Mtungo mnaujua? Ni samaki waliopitishwa kamba mashavuni, wakafungwa fundo.

Nguchiro alicheka. "Mtungo mmoja? Hata nusu yake inanitosha, mzee. Mimi navua kuburudisha moyo tu."

Kiboko alinuna. "Wageni wangu hutembea siku mbili kuja hapa. Nani atapanda mgongo unaoteleza kama huu kwa ajili ya mtungo mmoja?"

Mwari aliinamisha kichwa. "Mzee wangu, mtungo mmoja kwa Nguchiro ni karamu. Kwangu mimi ni kuwadanganya watoto."

"Sheria ni moja kwa wote," alisema Kasa, akarudi majini.

Siku ya kwanza, Mwari alitazama mchangani. Aliuona ule mmea unaotambaa ufukweni, wenye maua ya zambarau, mrefu usio na mwisho. Akaushika ncha, akaanza kutunga. Akatunga changu, akatunga tasi, akatunga pono. Mtungo ukaanzia rasi hii, ukaishia rasi ile.

Mzee Kasa alikuja. "Mwari! Ni nini hiki?"

"Mtungo, mzee. Sheria sijaivunja. Hesabu mafundo."

Kasa akaufuata mtungo, kwa mwendo wake mnaoujua. Akaondoka asubuhi, akafika jua linatua. Fundo lilikuwa moja. Kasa akarudi majini.

Siku ya pili, Kiboko alitokeza amebeba wageni mpaka shingoni. Swala, mbuzi, kobe, chura, jongoo, wote wala majani na wadudu. Hakuna aliyewahi kuonja samaki. Kiboko akavua, akawatungia kila mmoja mtungo wake.

Mzee Kasa alikuja. "Kiboko! Ni nini hiki?"

"Wageni, mzee. Sheria sijaivunja. Hesabu midomo."

"Hata huyu jongoo ana mdomo?"

"Ndugu jongoo, hebu panua mzee akuone. Panua, usione haya!"

Jongoo akapanua. Kasa akasogeza jicho karibu. Mdomo ulikuwapo.

"Na mitungo hii miwili ya mwisho?"

"Yangu," alisema Kiboko, akapiga mwayo. "Mdomo huu, kwa haki ya Mungu, utauita mmoja?"

Kasa akarudi majini.

Siku ya tatu ilikuwa ya Nguchiro. Alivua changu mdogo, akamtunga. Akavua mkubwa zaidi. Akamchomoa mdogo, akamtupa, akamtunga mkubwa. Akavua mkubwa kuliko huyo. Akachomoa, akatupa, akatunga. Akachomoa, akatupa, akatunga, kutwa nzima, huku akiimba:

*Mtungo mmoja, mtungo mmoja,
mdogo nenda, mkubwa njoo!*

Jioni alikuwa na mtungo mfupi, samaki wanane wanono. Lakini maji nyuma yake yalikuwa meupe kwa matumbo ya samaki waliokufa.

Mzee Kasa alikuja. "Nguchiro! Ni nini hiki?"

"Mimi tena? Mimi ndiye mpole wao! Sheria sijaivunja, mzee. Hesabu mtungo."

"Na hawa wanaoelea?"

"Hao hawamo mtungoni."

Kasa akarudi majini. Msiniulize alilala vipi.

Siku ya nne Mwari alipiga mbizi, akaibuka na mchanga. Akapiga mbizi tena, akaibuka na mwani. Akapiga mara ya tatu, akaibuka na maji matupu. Wale samaki wa mtungo mrefu walikuwa wameozea sokoni, maana soko lilishiba kwa mitungo iliyouzwa na wageni wa Kiboko. Na makinda hawali samaki aliyeoza.

Siku ya tano, kinda mdogo aliacha kulia.

Mwari alishuka mchangani. "Mzee Kasa, niadhibu utakavyo. Lakini mwanangu hasemi tena 'Mama, njaa.' Naogopa anavyonyamaza."

"Kosa la kwanza ni langu," alisema Kasa. "Nilitoa neno bila kipimo. Zamani palikuwa na mtu wa kuniuliza, 'Mtungo wa urefu gani, mume wangu? Mdomo wa nani?' Mwaka huu hakuna aliyeniuliza."

Akawaita wote watatu.

"Mwezi huu mzima samaki wanataga. Hori limefungwa."

"Na watoto wangu?" Mwari aliuliza.

"Nguchiro, wewe una makucha. Utachimba kaa mchangani kila siku, uwape makinda."

"Mimi? Mimi navua kuburudisha..."

"Utaburudika. Na kaa yeyote utakayemtoa shimoni ni wa makinda, mkubwa kwa mdogo. Hakuna kuchagua. Kiboko, mdomo unaodai mitungo miwili unaweza kubeba vikapu viwili. Utawapeleka kaa kiotani, nawe usimeze."

Kiboko akabeba. Kaa wakamfinya ulimi njia nzima. Kinda mdogo alikula kaa mmoja, akala wa pili. Wa tatu alipochelewa, akapaza sauti: "Mama, njaa!" Mwari akalia kwa furaha.

Mwezi ulipokwisha, Kasa alikata vipande vya ule mmea. "Sasa tupime. Mwari, wewe hula kwa kazi hii. Mtungo wako ni bawa hadi bawa. Nguchiro, wako ni mkia wako, na kinachotoka majini kinatungwa, kikubwa kwa kidogo. Kiboko, kila mgeni alaye samaki atapata mtungo wa urefu wa sikio lako."

Kiboko akaligusa sikio lake. Mnalijua sikio la kiboko?
— Dogo!
Dogo kweli. Wageni walicheka mpaka wakaanguka majini. Lakini walirudi, maana samaki nao walirudi.

Na ule mmea mrefu uliobaki? Kasa aliula, jani kwa jani, asije mwingine akautungia samaki. Ndiyo maana watu wa pwani wanauita mlakasa. Mwenye haraka hudhani mmea ndio uliomla kasa. Sivyo.

Funzo la ngano hii: sheria isiyo na kipimo ni kamba ndefu, kila mlafi hujifungia fundo lake. Na kipimo kimoja kwa wote si haki kwa wote. Kabla ya kukata kamba, uliza nani anakula na nani anacheza.

Ngano nimeitunga, fundo nimepiga. Aonaye ni fupi, akatafute kamba yake.