Micheri ya Aprili

Anayekaa chumbani ana hakika ya jambo moja tu, kwamba hatapotea njia. Hatapotea, sawa, lakini pia hataokota kitu. Anayetoka, hata kama safari yenyewe imeharibika, anaweza kukutana na heri ambayo hakuifuata. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Asiyeiamini na amuulize Goreth, Mrundi mshona nguo wa Joubert Park, jijini Johannesburg.

Goreth na mumewe Égide walioana mwaka 2008, siku zile wageni walipokuwa wakifukuzwa mitaani. Mchungaji aliwafungisha ndoa katika ukumbi wa kanisa walimokimbilia, bibi harusi amevaa sweta la kuazima, bila ngoma wala picha. Miaka mitatu ikapita. Kule Bujumbura, ukuta wa sebule ya mama yake Goreth, Mama Victorine, ulikuwa na picha za harusi za mabinti wote isipokuwa huyu mmoja. Majirani nao hawakosi neno. Wakaanza kuuliza kama kweli binti aliolewa au alichukuliwa tu. Kila alipopiga simu, mama alimaliza kwa maneno yale yale: "Mwanangu, nitumie picha nami nipumue."

Goreth akajishonea gauni jeupe, akamwendea Lambert, Mkongo wa Uvira aliyekuwa akipiga watu picha katika bustani ya mtaa huo. Lambert alikuwa fundi hodari, ila mjuaji kupindukia. Alifungua kalenda aliyopewa kwenye duka la Wachina, akamwonyesha ukurasa wa Aprili uliojaa maua ya micheri, ile miti izaayo cheri, meupe na ya waridi, mazuri ajabu.

"Dada Goreth, miti hii ipo jimbo la Free State, mwendo wa saa nne kwa gari. Kuna shamba zima! Na mwezi wenyewe si huu hapa?"

Nani angebisha? Wote watatu walitoka nchi ambazo miti haina miezi ya kulala na miezi ya kuamka. Égide, aliyekuwa mlinzi wa duka, akaomba ruhusa ya siku moja. Bosi wake alimpa kwa shingo upande, akamwonya kwamba hatapata nyingine mwaka huo.

Basi Jumapili moja ya Aprili waliondoka alfajiri kwa gari la kuazima. Ukungu ulikuwa umefunika mashamba pande zote, hata hawakuona kitu ila barabara. Walipofika, waliikuta micheri imesimama safu kwa safu, majani yake ya manjano yakidondoka moja moja. Ua halikuwapo hata la dawa.

Mama mmoja mlinzi wa shamba, aliyejifunga blanketi zito la Kisotho, aliwasikiliza. Égide alieleza shida yao kwa Kizulu cha kuungaunga. Yule mama akacheka hadi akashika magoti.

"Sasa baridi inaingia! Maua ya micheri huja mwisho wa Septemba. Mkija wakati huo, kilima hiki chote huwa cheupe hadi chini."

"Lakini kalenda yangu..." Lambert akajaribu kujitetea.

"Imetoka wapi?"

"China."

"Huko Aprili baridi inatoka, kwetu ndiyo inaingia. Basi nendeni mkayatazame huko huko!"

Égide hakucheka. "Eish, Lambert! Siku yangu moja ya mwaka mzima, nawe umenileta kutazama majani makavu! Mama mkwe nimwambie nini? Twende zetu."

Lambert aliinamisha kichwa, ujuaji wote umemwishia. Goreth alikuwa na machozi, lakini alikunja pindo la gauni lake mkononi.

"Nimeshakuja," akasema. "Acheni walau nitembee."

Akaenda peke yake katikati ya miti, akapanda mwinuko, akapotelea upande wa pili. Mara wakamsikia anapiga ukelele. Égide, akidhani ni nyoka, aliokota fimbo, akatimua mbio. Lambert naye akafuata na kamera yake.

Haikuwa nyoka. Ukungu ulikuwa umeondoka, na kando ya shamba la mahindi, kadiri macho yalivyoweza kufika, yalikuwa yamechanua maua ya mwituni, meupe, ya waridi na mekundu ya damu ya mzee, marefu hadi kifuani. Hakuna mtu aliyeyapanda. Upepo ulipopita yaliinama yote pamoja, yakainuka tena. Jamani, uzuri ule! Goreth alikuwa amesimama katikati yake, na alipomwona mumewe anakuja mbio na fimbo ya kuulia nyoka, alicheka hadi magego yakaonekana. Lambert akabonyeza.

Baadaye aliwapanga sawasawa, akapiga nyingine za heshima, bibi harusi ameinamisha uso. Kwa Warundi ndivyo inavyotakiwa, asije akaonekana anafurahia kuiacha nyumba ya mama yake. Picha akapewa abiria wa basi la kwenda Burundi. Goreth alipogundua kwamba Lambert ameichomeka na ile ya kicheko katika bahasha, alitamani ardhi ipasuke. Majuma matatu hakulala vizuri.

Hatimaye simu ikalia.

"Picha zimefika," akasema Mama Victorine. "Zile ulizoinama nimewagawia shangazi zako. Ile unayocheka ndiyo niliyoitundika ukutani."

"Mama, nisamehe, haikuwa..."

"Nyamaza, mwanangu. Miaka mitatu nimesali bila kujua kama huko uliko unaishi au unalia tu. Sasa nimeona."

Goreth aliketi juu ya vitambaa vyake, akalia kwa furaha bila kujificha. Micheri hawakuiona ikichanua, wala siku ya Égide haikurudi. Lakini mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.