Kwa Nini Mdagu Una Mguu Mnene na Asumini Hufunguka Magharibi

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kila mara hunikera. Mama yangu alikuwa akiisimulia huku akicheka. Mimi siwezi. Basi sogeeni karibu mnisikilize, na anayetaka kucheka acheke mwishoni, akishajua nani alipoteza nini.

Zamani hizo maua yote yalifunguka asubuhi na kufumba jioni, kama milango ya maduka. Mwasumini naye alifungua maua yake jua likiwa juu, na harufu yake ilikuwa ya kawaida tu, ya kupita puani ikaenda zake. Na Mdagu, huu ambao vijana wa leo wanauita waridi la jangwani, hakuwa na mguu huu mnene mnaoujua. Alikuwa mwembamba toka chini hadi juu, na ukivunja tawi lake yalitoka maji safi ambayo hata mtoto angeweza kuyanywa.

Katika mji wetu palikuwa na mwanamke akiitwa Mize, mtunga vikuba. Alichuma maua, akayafunga vishada vidogo pamoja na majani ya rehani yanayonukia, na wanawake wakavibana kwenye nywele siku za harusi na siku za kawaida za kumfurahisha mtu nyumbani. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na pamoja na kazi alirithi mimea miwili uani. Mwasumini alikuwa mkongwe, ametambaa juu ya uchanja wote mpaka kwenye ukuta. Mdagu aliletwa na mama huyo kutoka majabali ya bara, akapandwa pembeni penye jua kali, kwenye mchanga na changarawe. Mama alipokaribia kufa hakuacha wosia wa dhahabu wala nyumba. Alisema, "Mwanangu, huyu mpe maji, huyu mpe jua. Usiwachanganye."

Mize akaushika wosia huo. Mwasumini alipata kata mbili za maji asubuhi na kata mbili jioni, samadi ya mbuzi kila mwezi ukiandama, na kamba mpya za kumshikiza kwenye uchanja upepo ulipomvuruga. Mdagu alipata kata moja kwa wiki, na kipupwe kikiingia hakupata hata hiyo. Wote wawili walinawiri. Mwasumini alijaa maua meupe kama mchele uliomwagika, na Mdagu alichanua wakati wa kiangazi kikali, wakati hata nyasi zimekata tamaa. Mimea ilikuwa na vinywa enzi hizo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulalamika.

Aliyelalamika ni jirani. Si ndivyo ilivyo siku zote? Bi Kazija alikuwa na mazoea ya kuchungulia juu ya ukuta kila anapoanika nguo, na alichokiona akakipeleka sokoni. Alisema Mize ana ubaguzi, mmoja anamwogesha na mwingine hamwonjeshi. Alisema Mdagu wa watu anateswa na kiu mchana kweupe. Hakumuuliza Mize, hakumuuliza Mdagu. Hili ndilo jambo la kwanza linaloniudhi, na bado yapo mengine.

Maneno yakamfikia Bwana Msellem. Huyu hakuwa kadhi, wala hakuna aliyempa kazi ya kuamua. Alikuwa na nyumba kubwa na sauti kubwa, akawa anakaa barazani kwake kila siku akiamua mambo ya watu, mpaka watu wakazoea. Sifa yake ilikuwa moja, kwamba hampendelei mtu. Kila kitu alikigawa sawa kwa sawa. Aliwahi kuwaamulia ndugu wawili waliogombea mlango wa marehemu baba yao. Aliupasua katikati, kila mmoja akampa nusu, akarudi nyumbani akijisifu. Nyumba zote mbili zikakaa wazi.

Akaja uani kwa Mize na watu nyuma yake. Mize akamwamkia, "Shikamoo, bwana," naye akaitikia bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye ardhi, yakipima unyevu wa upande huu na ukavu wa upande ule.

"Bi Mize," alisema, "hawa wote ni viumbe wa Mungu. Kuanzia leo kata moja asubuhi na kata moja jioni, kila mmoja wao. Ukizidisha au ukipunguza, naihamishia kwangu mimea yote."

"Bwana, huyu akinywa hivyo atakufa. Na huyu naye akinywa hivyo atakufa."

"Basi watakufa kwa haki," akasema Bwana Msellem, na watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, wakamwona ana hekima.

Kwa haki! Nimeishi miaka mingi na sijasikia upumbavu uliovalishwa kanzu safi kama ule. Lakini Mize angefanya nini? Mnyonge hana haki, na Kazija alipewa kazi ya kuhesabu kata kutoka juu ya ukuta.

Akatii. Majani ya Mwasumini yakaanza kujikunja, maua yakawa machache, na wanawake waliokuja kununua vikuba wakarudi na rehani tupu. Mdagu naye akawa manjano, majani yakadondoka moja moja, na udongo chini yake ukaanza kunuka. Lakini Mdagu alikuwa na subira. Hakutaka Mize aaibike kwa kusemwa kwamba mmea umemfia mkononi. Kila kata aliyomiminiwa aliimeza haraka, akaificha mguuni ili mizizi isizame. Siku zikapita na mguu ukavimba, ukawa kama wa mtu mwenye matende. Na mnajua, maji yanayokaa bila kutakiwa huchacha. Yale ya Mdagu yalichacha kwa hasira. Yakawa meupe kama tui, machungu, makali, na yeye akanyamaza nayo.

Mize alipoona Mwasumini wa mama yake anakwenda, alishindwa kuvumilia. Akagundua saa moja tu ambayo hakuna jicho ukutani. Adhana ya magharibi ikilia, wanaume huingia msikitini na Kazija huingia ndani kusali. Hapo Mize alichukua kata ya jioni ya Mdagu, akaimimina kwa Mwasumini, kisha akaenda naye kusali. Mdagu akashukuru kwa kuachwa. Mwasumini, ambaye mchana kutwa hakuwa na nguvu ya kufungua hata ua moja, akawa anafungua yote saa ile ile maji yanapomfika. Na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kulipa, alitoa harufu yake yote, hakubakiza, ili Mize huko ndani kwenye mswala ajue kwamba maji yamefika.

Shukrani ile ndiyo iliyowaponza. Siku ya saba harufu ilipanda ukuta, ikavuka uchochoro, ikaingia msikitini mpaka safu ya mbele. Bwana Msellem alipotoa salamu aligeuza pua kabla ya kugeuza shingo. Akatoka akaifuata harufu, akamkuta Mwasumini amechanua mweupe uchanja mzima, chini yake kumelowa, na chini ya Mdagu kukavu.

Kesho yake walikuja watu na majembe. Sehemu hii siwezi kuisema kwa upole, mnisamehe. Walimng'oa Mwasumini kama mtu anayeng'oa magugu, nusu ya mizizi ikabaki ardhini. Uchanja waliuacha. Mize aliwasihi wauchukue, maana Mwasumini hawezi kusimama peke yake. Bwana Msellem akajibu kwamba mwenzake haegemei kitu, hivyo na yeye asiegemee. Akaipanda mimea yote miwili mbele ya baraza yake, kwenye kivuli cha nyumba, isije ikasemwa mmoja kapata jua zaidi. Udongo akauchanganya, nusu mchanga nusu samadi, kwa wote. Kisha kila siku akasimama mbele ya watu na kata yake, akamimina, akatabasamu.

Mize alikatazwa kuigusa mimea hiyo. Akawa anakuja kila asubuhi na kukaa ng'ambo ya njia, akitazama. Mwasumini alilala chini mavumbini, akakauka tawi baada ya tawi. Siku ya tisa alikuwa amebakiwa na kijitawi kimoja chenye jani moja la kijani. Siku hiyo Mize aliinuka, akavuka njia, akasimama mbele ya baraza iliyojaa wanaume.

"Bwana Msellem," alisema, "mama yangu aliniachia viumbe wawili wazima, na wewe unawaua mbele ya macho yangu huku unatabasamu. Unasema kipimo kimoja ndiyo haki. Mjukuu wako hana jino hata moja. Mbona nyama hamgawani sawa?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, kisha baraza nzima. Bwana Msellem hakuwa amezoea kuchekwa. Alishuka barazani, akamkamata Mdagu, akavunja tawi lake na kuliinua juu ili kila mtu alione.

"Tazameni!" alipiga kelele. "Limejaa maji! Huyu ndiye mnayeambiwa anakufa?"

Maziwa meupe yalikuwa yakimtiririka mkononi. Mzee mmoja akamwambia, "Bwana, hayo si maji."

"Ni maji. Nimeyamimina mwenyewe, kwa mkono wangu huu." Akapitisha ulimi kwenye kiganja chake mbele ya watu wote.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Yeye ulimi wake uliwaka, ukavimba, ukajaa kinywa mpaka midomo isifumbike. Walimbeba ndani. Hakufa, na mimi nisingekwenda matanga yake hata kama angekufa. Lakini tangu hapo alinyweshwa uji kwa kijiko, na neno lililotoka kwake hakuna aliyeweza kulielewa. Hukumu zikaisha barazani kwake siku hiyo hiyo. Miaka mingi watu walikuwa wakizikubali, na sasa kila mmoja alidai kwamba yeye siku zote alikuwa na wasiwasi.

Hakukuwa tena na wa kumkataza Mize. Alimng'oa Mdagu, akakata mizizi iliyooza, akamlaza juani siku kadhaa mpaka vidonda vikauke, kisha akamrudisha kwenye changarawe yake bila tone la maji. Mdagu akapona. Mwasumini naye, Mize alimbeba mikononi mpaka nyumbani, akammiminia maji kutwa nzima, kata baada ya kata, lakini alikuwa amechelewa. Kile kijitawi chenye jani moja alikikata, akakichomeka kwenye udongo mweusi wenye unyevu, chini ya uchanja, nacho kikashika. Shina la mama yake lilikuwa limekauka lote. Watu walimwambia ni kuni nzuri. Mize alichimba shimo akalizika.

Kazija alikuja kuomba radhi. Alileta mtungi wa maji, maskini, na baada ya kusalimia akaenda nao moja kwa moja kwa Mdagu. Mize akamshika mkono.

"Uliza kwanza anavyokunywa," alimwambia.

Na tangu siku hiyo mdagu una mguu mnene, kwa maji uliyolazimishwa, na tawi lake ukilivunja linatoa maziwa machungu. Uzuri wake tunautazama kwa macho tu, hatuutii kwenye vikuba, na hatuumwagilii mpaka udongo wake ukauke kabisa. Na tangu siku hiyo asumini zote, ambazo ni wajukuu wa kijitawi kile, hufumba mchana na kufunguka magharibi, na harufu yake huvuka ukuta. Mwasumini hunyweshwa kila siku, na huwekewa kitu cha kuegemea, wala hakuna wa kuuliza kwa nini mwenzake haegemei.

Tena watu wa kwetu, mtu akiwaletea mche, kabla hata ya kusema ahsante huuliza, "Anakunywaje?" Ni swali fupi, halimchoshi mtu. Bwana Msellem aliposimama uani kwa Mize ulimi wake ulikuwa mzima, na hakuliuliza.